Kabla ya Kubonyeza Auto: Namna ya Kuiuliza Osiloskopu

Mafundi na wanafunzi wanaotengeneza vifaa vya kuwasha pampu kwa SMS, vya kusoma kiwango cha maji kwenye tangi au vya kutoa taarifa pikipiki ikiibwa, hukutana na ugonjwa mmoja. Kifaa kinawaka, moduli ya GSM inashika mtandao, lakini kila inapotaka kutuma ujumbe inazima na kuanza upya. Mita ikiwekwa kwenye miguu ya umeme ya moduli inasoma volti 4 kasoro kidogo, kiasi kile kile alichokitaja mtengenezaji. Basi lawama inaiangukia moduli. Inanunuliwa nyingine, nayo inafanya vivyo hivyo. Pengine kifaa kinafanya kazi vizuri mezani mjini na kugoma kikifika shambani, na hapo lawama inahamia kwa kampuni ya simu. Mtu akibahatika kuazima osiloskopu, anaweka probu, anabonyeza kitufe cha Auto, anaona mstari ulionyooka, na anarudi kwenye lawama zake akiwa na uhakika zaidi kuliko mwanzo. Nautumia mkasa huu kwa sababu unaonyesha jambo ambalo kwangu ndilo msingi wa kutumia osiloskopu ya kidijitali: mstari ulio kwenye kioo ni jibu, na swali lake ni mipangilio iliyowekwa kabla ya kupima. Ukiacha mashine ijipangie, utapata jibu la swali ambalo huenda hukuwa nalo kabisa.

Tuanze na mita, maana haikusema uongo. Simu ya GSM haitumi mfululizo. Mtandao umegawa muda katika fremu za milisekunde 4.615, kila fremu ina nafasi nane, na simu hupewa nafasi moja ya mikrosekunde 577, kisha inanyamaza hadi fremu inayofuata. Katika nafasi hiyo moduli kama SIM800L inaweza kuvuta hadi ampea 2. Katika zile saba zilizobaki inavuta kidogo sana. Sasa chukua nyaya nyembamba za ubao wa majaribio pamoja na viungio vyake, tuseme vyote kwa jumla vina ukinzani wa omu 0.4. Ampea 2 zikipita hapo, volti 0.8 zinapotelea njiani. Volti 4.0 zinabaki 3.2, na moduli hiyo haitakiwi kupewa chini ya 3.4. Lakini kwa kuwa mbonyeo huo unachukua sehemu moja ya nane tu ya muda, wastani unashuka kwa volti 0.1. Mita, ambayo kazi yake ni kutoa wastani, itaandika 3.9, tena kama moduli itavumilia muda wa kutosha mita ipate kusoma. Na ule ugomvi wa shambani una maelezo yake hapo hapo: mtandao huiamuru simu ipunguze nguvu ya kutuma ikiwa karibu na mnara na kuiongeza ikiwa mbali. Mjini moduli inanong'ona, kijijini inapaza sauti, na nyaya zile zile zilizotosha mjini hazitoshi tena.

Anayejua haya tayari ana nusu ya kipimo kabla hajawasha osiloskopu. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni karatasi na kalamu. Andika unatarajia kuona nini: volti ngapi, kwa muda gani, inapanda au inashuka, na inatokea wakati gani. Kwa mkasa wetu karatasi itasomeka hivi: umeme wa volti 4, unashuka hadi karibu 3.2, kwa muda wa karibu milisekunde 0.6, unarudia kila milisekunde 4.6, na unaanza moduli inapoanza kutuma. Sentensi hiyo moja inakuambia mahali pa kuweka kila kifundo cha kuzungusha. Bila hiyo utakuwa unazungusha mpaka kioo kipendeze.

Kipimo cha wima ndicho rahisi, hivyo sitakaa nacho sana, ila kuna hesabu moja ambayo wengi hawaifanyi. Osiloskopu nyingi za bei ya kawaida zina kigeuzi cha biti 8, maana yake urefu wote wa kioo umegawanywa katika ngazi 256. Ukiweka volti 1 kwa kila mraba na kioo kina miraba minane, kila ngazi ni karibu milivolti 31. Mbonyeo wa volti 0.8 unachukua ngazi zaidi ya 25, na utauona waziwazi. Ukiacha volti 10 kwa mraba kwa sababu aliyetumia kabla yako aliacha hapo, kila ngazi inakuwa karibu volti 0.3, na mbonyeo ule ule hautimizi hata ngazi tatu. Utafanana na kelele za kawaida na utaupuuza. Acha pia mpangilio wa DC, usiende AC. AC huondoa kiwango cha kudumu na kubakiza mabadiliko tu. Inafaa ukitafuta mawimbi madogo yaliyopanda juu ya umeme wa pawasaplai, lakini hapa tunataka kujua kama volti zimepita chini ya 3.4 au la, na AC inafuta kabisa habari hiyo.

Kwenye muda ndiko osiloskopu ya kidijitali inakoachana na ile ya zamani ya bomba la kioo, na ndiko watu wanakopotea zaidi. Osiloskopu ya kidijitali haioni umeme mfululizo. Inachukua sampuli, inaziweka kwenye kumbukumbu, kisha inachora mstari wa kuziunganisha. Hivyo kuna mambo matatu yaliyofungwa pamoja: kasi ya kuchukua sampuli, ukubwa wa kumbukumbu, na urefu wa muda unaotaka kuuona. Kasi mara muda haiwezi kuzidi kumbukumbu. Rigol DS1054Z, ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa chaguo la watu wengi wasio na fedha nyingi, ilitangazwa kuwa na sampuli bilioni 1 kwa sekunde na kumbukumbu ya pointi milioni 12. Zote mbili ni kweli, ila kwa kasi hiyo kumbukumbu inajaa baada ya milisekunde 12. Ukitaka kuona sekunde 12 kwa mpigo mmoja, kasi inashuka yenyewe hadi sampuli milioni 1 kwa sekunde, bila kukuuliza. Ukiwasha njia zote nne za kuingizia ishara, kasi yake ya juu inagawanywa kwa nne. Kwa mbonyeo wetu wa mikrosekunde 577, sampuli milioni 1 kwa sekunde bado ni nyingi mno. Lakini chukua kifaa chenye kumbukumbu ya pointi 1,024 na ukitake kionyeshe sekunde 12 hizo hizo: sampuli moja itachukuliwa kila milisekunde 11.7. Kati ya sampuli mbili mibonyeo miwili inaweza kuja na kuondoka. Kioo kitaonyesha mstari ulionyooka, au pointi moja moja zilizoshuka bila mpangilio, na zote mbili zitaonekana kama habari kamili.

Baya kuliko kutokuona ni kuona kisichokuwepo. Wimbi la hezi 1,000,100 likichukuliwa sampuli milioni 1 kwa sekunde, kila sampuli inaangukia mbele kidogo ya ile iliyotangulia katika umbo la wimbi, na zikiunganishwa zinachora wimbi safi, laini, la hezi 100. Halina dosari yoyote ya kukutia shaka. Harry Nyquist aliweka msingi wa jambo hili mwaka 1928, na Claude Shannon akalithibitisha kwa hesabu mwaka 1949: kasi ya sampuli lazima izidi mara mbili ya masafa ya juu kabisa yaliyomo katika ishara. Kwa macho ya fundi mara mbili haitoshi; taka mara tano au hata kumi ndipo umbo liwe la kuaminika. Namna ya kujihakikishia ni nyepesi. Badilisha kipimo cha muda kwenda kasi zaidi, hatua mbili au tatu. Wimbi la kweli litatanuka kwenye kioo huku masafa yake yakibaki yale yale; wimbi la uongo litabadilika masafa, litageuka umbo au litavunjika. Vifaa vingi vina pia hali ya kushika vilele, ambayo huhifadhi thamani ya juu na ya chini ya kila kipande cha muda hata kasi ikiwa ndogo. Iwashe kila unapotazama muda mrefu. Na tazama tarakimu ya kasi ya sampuli iliyoandikwa pembeni ya kioo kila unapogusa kifundo cha muda. Wengi hutumia kifaa miaka bila kujua tarakimu hiyo ipo.

Kisha triga, yaani sharti la tukio ambalo mashine inalingoja, na hapa nitakaa. Kabla ya mwaka 1947 osiloskopu nyingi zilichora mfululizo bila kungoja chochote, na mtumiaji alihangaika kusawazisha mwendo wa kuchora na mwendo wa wimbi ili picha isimame. Mwaka huo kampuni changa ya Tektronix, iliyoanzishwa Portland, Marekani, ilitoa modeli ya 511, iliyoanza kuchora pale tu ishara ilipofika kiwango kilichochaguliwa. Hiyo ndiyo iliyogeuza osiloskopu kuwa chombo cha kupimia. Mashine ya kidijitali imeongeza jambo ambalo ile ya zamani haikuliweza. Kumbukumbu yake inaandikwa bila kukoma, data mpya ikifuta ya zamani, mithili ya kamera ya ulinzi dukani inayorekodi juu ya mkanda wake wenyewe. Triga haiianzishi, inaiambia isimame baada ya muda fulani. Kwa hiyo unaweza kuona yaliyotokea kabla ya tukio lililoiamsha. Kwa mtu anayetafuta chanzo cha hitilafu, sehemu hiyo ya kabla ndiyo yenye thamani, na mtu anayetumia Auto haipati kamwe, kwa sababu kwake hakuna tukio.

Hali za triga ni tatu. Katika Auto, mashine inangoja kidogo, na isipoona tukio inachora hata hivyo. Katika Normal, haichori mpaka tukio litokee, na kila linapotokea inachora upya. Katika Single, inangoja tukio moja, inalikamata, inasimama. Usichanganye triga ya Auto na kile kitufe cha Auto cha kupanga kila kitu, ingawa udhaifu wao ni mmoja: vyote viwili vimetengenezwa kwa ajili ya mawimbi yanayojirudia. Mbonyeo wetu unatokea moduli inapotuma tu, labda kwa sekunde chache kwa saa. Weka hivi: njia ya kwanza kwenye miguu ya umeme ya moduli, volti 1 kwa mraba, mstari wa sifuri mraba mmoja juu ya ukingo wa chini, milisekunde 2 kwa mraba; triga kwenye ukingo unaoshuka, kiwango cha volti 3.6, na alama ya triga uisogeze kushoto, robo ya kioo kutoka mwanzo. Bonyeza Single, kisha tuma ujumbe. Kwenye kioo chenye miraba kumi na miwili utapata milisekunde 24, na ndani yake, kama moduli imevumilia, mibonyeo minne au mitano iliyopangika kwa umbali sawa. Pima umbali kati ya miwili kwa kutumia mistari ya kupimia. Ukipata milisekunde 4.6, hakuna tena cha kubishana: ni kutuma kwa GSM kunakovuta umeme chini.

Usiishie hapo, kwa kuwa umejua kinachotokea lakini hujajua wa kulaumiwa. Chukua njia ya pili uiweke kwenye pawasaplai yenyewe, pale umeme unapotokea kabla haujapita kwenye nyaya. Rudia kipimo bila kubadili kitu kingine. Njia ya pili ikibaki imenyooka wakati ya kwanza inabonyea, tatizo ni nyaya na viungio. Zote mbili zikibonyea pamoja kwa kina kimoja, pawasaplai au betri ndiyo dhaifu, na kubadilisha nyaya ni kupoteza muda. Kina cha mbonyeo ukikigawa kwa ampea 2 unapata makadirio ya ukinzani uliopo njiani. Kwa vipimo viwili umehama kutoka kwenye kubahatisha, na moduli zilizokwisha kutupwa zingeweza kubaki mezani zikiwa nzima.

Huenda msomaji akapinga: watengenezaji wasingeweka kitufe cha Auto kama hakifai, na mafundi wenye uzoefu hukitumia kila siku. Ni kweli hukitumia, na sina haja ya kuwakataza. Kwenye ishara ya jenereta, kwenye kristali ya kompyuta, kwenye sauti ya amplifaya, kitakuokolea nusu dakika. Lakini tazama kinachofanya kikipewa umeme wa DC uliotulia. Hakioni wimbi, hivyo kinaweza kukuza kioo hadi kipate kitu chochote cha kuonyesha, na mara nyingi kitu hicho ni mvumo wa hezi 50 ulioingia kwenye waya kutoka umeme wa nyumba. Mwanafunzi anaondoka akiamini pawasaplai yake ina ugonjwa wa hezi 50. Fundi mzoefu haangukii hapo kwa sababu tayari anajua alichotarajia. Kile kitufe kwake ni njia ya mkato kuelekea mahali anapopajua.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Je, anayeandika matarajio yake kabla ya kupima hatajikuta akiona yale tu aliyotaka kuona? Hatari hiyo ipo, hasa kwa anayefurahia kuthibitisha dhana yake na kuzima mashine. Ila tarajio lililoandikwa kwa tarakimu ni jambo tofauti na dhana, maana linaweza kukataliwa. Chukua mawasiliano ya serial ya biti 9,600 kwa sekunde: kila biti inapaswa kuchukua mikrosekunde 104. Ukipima ukakuta 208, tarajio limevunjika, tena limekuonyesha mahali pa kutafuta: mwendo ni nusu kamili, basi yawezekana programu iliandikwa kwa bodi ya megahezi 16 na bodi iliyo mkononi ina kristali ya megahezi 8. Asiyekuwa na ile 104 kichwani angeona mistatili inayopanda na kushuka, angesema mawasiliano yapo, na angehangaika na programu siku nzima. Ukishajibiwa swali lako la kwanza, tanua muda, washa hali ya kushika vilele, na uangalie pembeni ya ulichokitafuta. Kumbuka tu kwamba hata hapo mashine haioni yote. Kifaa kinachochora picha 1,000 kwa sekunde, kila moja ikiwa na mikrosekunde 12, kimetazama milisekunde 12 kati ya 1,000. Muda uliobaki kilikuwa kinashughulika na kuchora.

Kabla ya mipangilio yote hiyo kuna probu, na probu ni sehemu ya saketi tangu sekunde ilipogusa. Probu nyingi zina swichi ya 1× na 10×. Kwenye 10× inaweka omu milioni 10 na pikofaradi kama 10 hadi 20 juu ya saketi yako. Kwenye 1× inaweka omu milioni 1 na pikofaradi karibu 100, na masafa inayoyapitisha yanashuka hadi megahezi chache tu. Kristali ya megahezi 16 yenye kapasita za pikofaradi 22, ikiongezewa 100 nyingine, inaweza kusimama kabisa: unapima saketi nzima na kuikuta imekufa, kumbe umeiua kwa kuigusa. Fanya 10× iwe kawaida yako. Hakikisha swichi ya probu na menyu ya njia vinasema kitu kimoja, la sivyo volti 4 zitasomeka 0.4 au 40. Kisha ifunge probu kwenye kile kiungio cha mbele kinachotoa mstatili wa kilohezi 1, na uzungushe skrubu ndogo ya probu kwa bisibisi ya plastiki mpaka pembe za mstatili ziwe kali, zisichongoke juu wala zisilegee. Kazi hii haichukui dakika, na asiyeifanya anapima kwa rula iliyopinda. Waya wa klipu nyeusi nao uwe mfupi kadiri inavyowezekana. Waya wa sentimita 15 pamoja na kapasitansi ya probu huleta mtikisiko karibu na megahezi 100, na kwenye ukingo mkali utauona mtikisiko huo kama ni wa saketi yako.

Klipu nyeusi ndiyo inayoniletea wasiwasi kuliko yote, kwa kuwa hapa makosa hayaishii kwenye kipimo kibovu. Katika osiloskopu ya mezani, klipu hiyo imeunganishwa moja kwa moja na ethi ya plagi. Haifanani na waya mweusi wa mita, ambao unaweza kuuweka popote. Kwenye pawasaplai ya TV au chaja, upande wa kwanza kabla ya transfoma ndogo, negativu ya kapasita kubwa haiko sawa na ethi. Inapanda na kushuka pamoja na umeme wa nyumba, na umeme wa volti 230 una kilele cha volti 325. Ukibana klipu hapo, umeunganisha umeme wa nyumba na ethi kupitia dayodi za rektifaya. Dayodi zinapasuka, fyuzi inakatika, probu inaungua, na mkono wako upo hapo hapo. Wapo wanaokata mguu wa ethi wa plagi ili cheche zisitokee. Ni ushauri wa kuua: hitilafu haiondoki, inahamia kwenye mwili wa osiloskopu, ambao sasa unabeba umeme wa nyumba ukisubiri kuguswa. Njia salama ni kukitenga kifaa kinachopimwa kwa transfoma ya kutengea yenye uwiano wa 1:1, au kutumia probu ya tofauti iliyokadiriwa kwa volti hizo. Usisahau kwamba klipu za njia zote zimeungana ndani, hivyo haziwezi kukaa kwenye sehemu mbili zenye volti tofauti. Osiloskopu ndogo ya USB nayo hurithi ethi ya kompyuta kupitia chaja yake. Na kwenye nyumba ambazo tundu la ethi kwenye soketi halina waya nyuma yake, hali ni mbaya zaidi: kapasita za kuchuja kelele ndani ya vifaa huweza kupandisha bati la nje hadi karibu nusu ya volti za nyumba. Ule msisimko unaousikia ukigusa kompyuta ya bati ni huo. Pima soketi yako kabla ya kununua chombo chochote.

Na kununua ndilo pingamizi la mwisho ninalolisikia: haya yote yanahitaji mashine ya bei kubwa. Jibu linategemea swali tena. Seti ndogo ya DSO138, ya kuunganisha mwenyewe kwa solda, inachukua sampuli milioni 1 kwa sekunde, ina kumbukumbu ya pointi 1,024 na upana wa masafa wa kilohezi 200. Gawa 0.35 kwa kilohezi 200 upate mikrosekunde 1.75, ambao ndio mpando wa haraka kuliko wote inaoweza kuufuata. Mbonyeo wa mikrosekunde 577 kwake ni tukio la polepole, na hali ya Single inayo. Ugonjwa wa GSM utautambua kwa seti hiyo vizuri kabisa. Haitakuonyesha kristali ya megahezi 16, na volti zinazozidi 50 zisiikaribie. Kwa hiyo orodhesha kwanza maswali ya kazi yako: mtu wa vifaa vya sola na pampu ana mahitaji tofauti na mtengenezaji wa bodi za kompyuta. Nikiambiwa nichague kati ya masafa makubwa na kumbukumbu kubwa kwa fundi wa kawaida, ningechukua kumbukumbu. Na bei ya probu mbili nzuri uihesabu ndani ya bei ya mashine tangu mwanzo.

Turudi mezani, maana baada ya kuona mibonyeo kazi iliyobaki ni kuiondoa na kuthibitisha. Dawa inayotajwa zaidi ni kapasita ya mikrofaradi 1,000 karibu na moduli. Ipigie hesabu. Ampea 2 kwa mikrosekunde 577 ni milikulombu 1.15; kapasita hiyo ikibeba mzigo wote peke yake, volti zitashuka kwa 1.15, zaidi ya zile 0.8 tulizozikimbia. Inasaidia kwa sababu inagawana mzigo na pawasaplai, kwa hiyo nyaya nene na fupi bado zinatakiwa, na mikrofaradi 2,200 ni bora kuliko 1,000. Fanya badiliko moja moja na urudie kipimo kwa mipangilio ile ile, ukihifadhi picha ya kila hatua pamoja na tarakimu zake. Ukifika pazuri, shusha triga hadi volti 3.4, bonyeza Single, na uiache ingoje huku ukituma ujumbe mmoja baada ya mwingine katika hali ngumu: betri iliyoshuka, na mahali penye mtandao hafifu ambapo moduli inalazimika kutuma kwa nguvu zote. Isipokamata kitu, usifurahi bado, kwa kuwa triga iliyowekwa vibaya nayo haikamati kitu. Ondoa kapasita, rudisha nyaya za mwanzo, tuma ujumbe mmoja. Ikikamata mbonyeo mara moja, mtego unafanya kazi, na ukimya wa mwanzo ulikuwa wa kweli. Rudisha kapasita na nyaya nene, kisha funga boksi.